Bordeaux hadi Toulouse kwa baiskeli kando ya mfereji: mwongozo kamili wa safari ya siku tano

Ukitaka kujua kama njia ya baiskeli ya Ufaransa ni tulivu kweli, usiulize ina urefu gani. Uliza ilikuwa nini zamani. Kama ilikuwa njia ya farasi waliovuta mashua kando ya mfereji, itakuwa tambarare, maana maji hayapandi mlima. Kama ilikuwa reli, itapanda polepole hata usijue unapanda, kwa sababu treni za mvuke hazikumudu mwinuko mkali, na huko mbele tarajia handaki. Kama ni tuta la kuzuia mafuriko ya mto, haitakuwa na kivuli, na upepo ndio utakaokupangia siku yako. Na kama haikuwa chochote kati ya hivyo, basi ni barabara ya kijiji iliyosimikwa vibao vya baiskeli, na magari yamo humo humo.

Safari ninayoieleza hapa inaunganisha reli ya zamani na mfereji: kutoka Bordeaux hadi Toulouse, kusini-magharibi mwa Ufaransa, yapata kilomita 260. Karibu yote haina magari. Kuna kipande cha kilomita 15 hadi 20 hivi ambacho si njia tengwa, nami nitakisema kilipo ili kisikukute ghafla. Mtu asiye na mazoezi makubwa anaimaliza kwa siku tano bila kujitesa. Nimeifanya na binamu yangu ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa darasa la sita, na aliyechoka kwanza nilikuwa mimi.

Jifunze maneno mawili kabla ya kufungua ramani

Neno la kwanza ni *voie verte*. Hili ni neno la sheria, limo katika kanuni za barabarani za Ufaransa tangu 2004. Maana yake ni njia iliyotengwa kwa wasiotumia injini: waendao kwa miguu, baiskeli, viti vya magurudumu, na mahali pengine farasi. Kibao chake ni cha buluu, kina picha ya mtu na baiskeli. Ukikiona hicho, pumua.

La pili ni *véloroute*. Hili ni neno la utalii zaidi. Ni njia ndefu yenye jina na namba, iliyoshonwa kwa vipande vya *voie verte* pamoja na barabara ndogo za vijijini. Vibao vyake ni vyeupe vyenye maandishi ya kijani. Watu wengi husikia kwamba Loire à Vélo, njia ya baiskeli ya mto Loire, ina kilomita 900 hivi wakadhani zote hazina magari. Sivyo. Ni nzuri sana, ina majumba ya wafalme kila unapogeuka, lakini unapishana na magari ya wakulima na ya watalii. ViaRhôna nayo, inayotoka Ziwa Léman hadi Bahari ya Kati kwa kilomita 815, ina sehemu zilizotengwa kabisa na sehemu zisizotengwa.

Ukiwa na siku mbili tu, nenda Burgundy, mashariki mwa Ufaransa. Njia kati ya Givry na Cluny, kilomita 44 juu ya reli iliyokufa, ilifunguliwa 1997 na ndiyo iliyowafungulia wengine mlango: *voie verte* ya kwanza Ufaransa. Inapita kwenye mizabibu na karibu na Taizé, kijiji cha jumuiya ya watawa. Ukiwa na siku tano, rudi kwenye mfereji wetu.

Kwa nini mfereji wa Garonne

Watu wengi huanza na Canal du Midi kwa sababu ya jina lake. Pierre-Paul Riquet aliuchimba kati ya 1666 na 1681, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi karibu na bahari, na UNESCO waliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1996. Sifa zote hizo ni za haki. Lakini kwa baiskeli yenye mizigo, ukishapita kilomita 50 za kwanza zenye lami kutoka Toulouse, sehemu kubwa ya njia hugeuka udongo na mizizi. Isitoshe, ile miti mikubwa ya platane iliyoupa mfereji kivuli inakatwa kwa maelfu. Ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa hapo mwaka 2006 hauna dawa, hivyo mti ukiugua hukatwa pamoja na majirani zake.

Mfereji wa Garonne ni mdogo wake. Ulikamilika 1856, una kilomita 193 kutoka Castets-en-Dorthe hadi Toulouse, na njia yake ina lami karibu mwanzo hadi mwisho. Kwa njia ya mfereji unapanda mita 128 tu kwa urefu wote huo. Kupanda kwenyewe hakuonekani, kwa sababu kumekusanywa kwenye malango 53 ya kupandishia mashua, ambayo Wafaransa huyaita *écluse*. Unaendesha kilomita kadhaa tambarare kama meza, unafika langoni, unapanda kijilima cha mita mbili tatu, halafu meza nyingine.

Kuna faida moja ambayo vitabu vya watalii huipita haraka. Reli ya Bordeaux hadi Toulouse ilifunguliwa karibu wakati ule ule mfereji ulipokamilika. Kampuni ya reli ikaukodi mfereji mwaka 1858, na biashara ya mashua haikupata nafasi ya kukua. Kwa wenye mashua lilikuwa pigo. Kwako wewe ni bima, kwa sababu treni inakusindikiza karibu njia nzima. La Réole, Marmande, Agen, Valence d'Agen, Moissac, Castelsarrasin na Grisolles, kote kuna stesheni. Mvua ikizidi au goti likigoma, siku yako inaishia kwenye siti ya treni.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti joto laweza kupita nyuzi 35, na Wafaransa wenyewe wako likizo, hivyo kambi hujaa. Majira ya baridi mchana ni mfupi, kambi nyingi zimefungwa, na mto Garonne ukifurika njia nazo hufungwa. Juni ina zawadi yake kwa mtu aliyezoea jua la ikweta: giza linaingia karibu saa nne usiku. Usikimbizane na muda.

Upepo nao uutazame. Wa magharibi hukusukuma ukielekea Toulouse, ndiyo sababu naanzia Bordeaux. Karibu na Toulouse huvuma upepo mwingine kutoka kusini-mashariki uitwao *autan*, ambao huweza kukaa siku kadhaa na utaupokea usoni. Ukiona utabiri wake kwa siku ya mwisho, gawanya siku hiyo mara mbili, au panda treni.

Hatua ya pili: viza, kwa anayetoka nyumbani

Anayeishi tayari Ulaya aruke hapa. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla yake. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kinachowakwaza wapanda baiskeli ni uthibitisho wa malazi: mtu anayelala mahali tofauti kila usiku, tena hemani, ana barua gani ya kuonyesha? Panga usiku wako wote mapema, weka nafasi kwenye kambi na nyumba za wageni zinazotuma uthibitisho kwa barua pepe, kisha ambatisha jedwali la ukurasa mmoja: tarehe, mji, mahali pa kulala, kilomita. Jedwali hilo utalitumia pia njiani.

Hatua ya tatu: baiskeli na treni

Kusafirisha baiskeli kwa ndege ni gharama na kichefuchefu. Kodi. Bordeaux na Toulouse zote zina maduka ya kukodisha, na baadhi hukubali uchukue mji mmoja na kurudisha mwingine kwa ada ya ziada. Uliza jambo hilo kwanza kabla ya kuuliza bei ya siku. Omba aina inayoitwa *VTC*: si ya mashindano wala ya milimani, ni ya kati. Tairi ziwe na upana wa milimita 35 hadi 40. Iwe na keria imara nyuma, mudigadi, taa mbele na nyuma, na kengele. Kengele si pambo. Utaielewa kazi yake utakapofika chini ya madaraja ya mfereji, ambako njia hujikunja na kubana na huoni nani anakuja.

Kabla ya kuondoka dukani, zunguka mtaa mara mbili ukiwa umeipakia mizigo yote. Kaza breki. Badilisha gia zote. Nilidharau jambo hili safari moja, nikagundua gia mbili hazishiki nikiwa kilomita 20 nje ya mji, Jumapili, duka limefungwa.

Ukija na yako, treni ndogo za mikoa, TER, mara nyingi hubeba baiskeli bure, ila nafasi ni chache, na Ijumaa jioni hugombaniwa. TGV, treni ya mwendo kasi, kutoka Paris hadi Bordeaux huchukua saa mbili na dakika kidogo. Humo baiskeli nzima hulipiwa nafasi pale ambapo treni inazo, la sivyo uifungue na kuitia katika mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90.

Vifaa vya pancha: tyubu mbili mpya, viraka na solusheni, vyuma vya kutolea tairi, pampu, na bisibisi yenye vichwa vingi. Angalia valvu. Nyingi za huko ni nyembamba, zina kinati juu unachokilegeza kwa vidole kabla ya kujaza upepo. Pampu isiyoingia kwenye valvu yako ni mzigo wa bure. Mizigo yote isizidi kilo 12, igawanye sawa kwenye mifuko miwili ya pembeni ya keria. Usibebe begi mgongoni. Siku ya pili mgongo utakushitaki.

Hatua ya nne: saa, mkate na maji

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Miguu huwa haina neno. Tumbo ndilo hukwama.

Anza na saa. Wafaransa huandika 14h, 19h30. Toa sita upate saa ya kwetu, na jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 14h ni saa nane mchana, 19h30 ni saa moja na nusu jioni. Sasa kumbuka ratiba hii. Duka la mikate, *boulangerie*, hufungua saa moja asubuhi hivi. Maduka mengi ya vijijini hufungwa saa sita hadi saa nane mchana, wakati ambao wewe ndiyo kwanza umeingia kijijini na njaa. Migahawa hupokea watu wa chakula cha mchana ndani ya saa hizo hizo mbili. Ukifika saa nane na nusu, jiko limezimwa, wala usibembeleze. Cha jioni huanza saa moja au saa moja na nusu. Jumapili mchana karibu kila kitu kimefungwa, na Jumatatu ni siku ambayo maduka mengi ya mikate na migahawa hupumzika kufidia Jumapili. Mimi nimelala njaa Jumatatu moja nikiwa na euro za kutosha mfukoni, natazama kioo cha duka la mikate lililofungwa, ndani kuna picha ya mkate.

Kanuni yangu baada ya hapo: nunua asubuhi chakula cha mchana, na ukipita duka kubwa mchana nunua cha jioni. Beba mfukoni karanga au tende za dharura. Tarehe 1 Mei, 14 Julai na 15 Agosti ni sikukuu, zihesabu kama Jumapili.

Kwa Waislamu, vijijini nyama halali ni nadra. Miji kama Bordeaux, Marmande, Agen na Toulouse ina mabucha yao. Kati ya hapo utategemea mayai, jibini, mboga, samaki wa kopo na matunda ya sokoni, na kusema kweli ni chakula kizuri. Jihadhari na vitu visivyojitambulisha: *jambon* ni nguruwe, *lardons* ni vipande vya nguruwe vinavyorushwa ndani ya saladi na ndani ya quiche, ile pai ya mayai, na cannelé, kile kikeki kidogo cheusi cha Bordeaux, kina ramu. Sema *sans porc, s'il vous plaît*. Wasomaji wa Bukavu na Lubumbashi mtatucheka sisi wengine kwa matamshi.

Maji: bomba la umma likiandikwa *eau potable*, kunywa. Likiandikwa *non potable*, pita. Hila ya wapanda baiskeli ni makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye bomba la kumwagilia maua, na mara nyingi ni maji ya mtandao ule ule wa kijiji. Soma kibao kwanza, ingia kwa adabu, jaza chupa, toka. Kwenye mfereji penyewe kuna vituo vya mashua viitwavyo *halte nautique*, vingi vina maji na choo, baadhi na bafu. Mfereji si wa kuogelea, imepigwa marufuku.

Hatua ya tano: kulala

Una njia tatu. Kambi ya manispaa, *camping municipal*, ambako hema na baiskeli mara nyingi havifiki euro 20 kwa usiku. *Gîte d'étape*, nyumba ya wasafiri yenye vitanda vingi chumba kimoja. *Chambre d'hôtes*, chumba nyumbani kwa mtu, na kifungua kinywa ndani yake. Tafuta alama ya *Accueil Vélo*. Ina maana mwenyeji yuko ndani ya kilomita tano kutoka njia, ana mahali pa kufungia baiskeli yako usiku na vifaa vya kuitengeneza. Usipige hema kando ya mfereji. Ukisalimia *bonjour* kabla ya kusema lolote, utashangaa milango inavyofunguka. Usiposalimia, utadhani ni watu wabaya.

Sheria, kwa kifupi

Kofia ngumu ni lazima kwa mtoto wa chini ya miaka 12. Mtu mzima huamua mwenyewe, na uamuzi wa busara ni kuvaa. Nje ya mji usiku au kwenye ukungu, kizibao cha kung'aa ni lazima. Spika za masikioni ni marufuku ukiendesha, na simu mkononi vilevile. Namba ya dharura ni 112. Kwenye *voie verte* mwenye miguu ana haki kabla yako: piga kengele mapema, punguza mwendo, sema *pardon*. Jioni kagua miguu yako uone kama kuna kupe. Wa huko huambukiza ugonjwa wa Lyme, na anatolewa kwa kibano, bila kubanwa tumbo.

Siku kwa siku

*Siku ya kwanza: Bordeaux hadi Sauveterre-de-Guyenne, yapata kilomita 60.* Vuka Garonne kwenda ukingo wa mashariki, fuata mto kuelekea kusini hadi Latresne. Hapo inaanza njia iliyopewa jina la Roger Lapébie, mwana wa mkoa huo aliyeshinda Tour de France ya 1937. Ni reli ya zamani, na ukishajua hilo unaisoma kama kitabu: nyumba za walinzi wa vivuko, majengo ya stesheni, handaki karibu na La Sauve. Stesheni ya zamani ya Créon ni kituo cha baiskeli, mahali pazuri pa kula mkate wako. La Sauve ina magofu ya abasia kubwa, yaani makao ya watawa, yanastahili saa moja. Sauveterre ilianzishwa 1281, mji wa mraba wenye uwanja katikati, na malango yake manne bado yamesimama.

*Siku ya pili: hadi Le Mas-d'Agenais, yapata kilomita 45.* Hiki ndicho kile kipande nilichokutajia. Reli imekwisha, mfereji haujafika. Kutoka Sauveterre hadi La Réole ni barabara ndogo katikati ya mizabibu, zinapanda na kushuka, na magari yapo ingawa machache. Toka mapema, kaa kulia, kwenye mlima shuka usukume. Ukiweza, panga siku hii iangukie Jumamosi, kwa sababu La Réole ina soko ukingoni mwa mto asubuhi hiyo, na ni soko la kweli la wakulima. Vuka Garonne uende Fontet, na ghafla uko kwenye mfereji. Kelele inakatika. Tangu hapo hadi Toulouse huna haja ya ramani, labda ya kutafutia mkate. Vibao vina namba V80. Nyanya za Marmande ziko upande wa pili wa mto, nunua ukizikuta. Le Mas imekaa kilimani juu ya mfereji, na kanisa lake la Saint-Vincent ndilo lenye mchoro wa Rembrandt, mchoraji mkuu wa Kiholanzi, wa Kristo msalabani, wa mwaka 1631. Kwa kijiji cha ukubwa ule, ni kama kukuta almasi kwenye mfuko wa mtama.

*Siku ya tatu: hadi Agen, chini kidogo ya kilomita 50.* Siku laini. Damazan, Buzet yenye mvinyo wake, Sérignac yenye mnara wa kanisa uliosokotwa kama kamba. Angalia chini zaidi ya juu: mizizi ya miti huinua lami, na majani yakilowa huteleza kama maganda ya ndizi. Kabla ya Agen unapanda malango manne yaliyofuatana, kisha mfereji wenyewe unavuka mto Garonne juu ya daraja la mawe lenye urefu wa mita 539. Mashua inapita juu ya mto, nawe pembeni yake. Njia ya darajani ni nyembamba, ukikutana na mtu mmoja wenu asimame. Agen ni mji wa plamu zilizokaushwa. Nunua robo kilo, ni chakula bora cha baiskeli kuliko vile vijiti vya sukari vya dukani, ila usile zote kwa mara moja. Unajua sababu.

*Siku ya nne: hadi Moissac, yapata kilomita 43.* Nusu ya kwanza ni kivuli na ukimya. Karibu na Valence d'Agen inatokea minara miwili ya kupozea ya kituo cha nyuklia cha Golfech, na haitakuacha kwa muda. Hapo una uchaguzi: kuzunguka hadi Auvillar, kijiji cha matofali mekundu juu ya kilima ng'ambo ya Garonne, chenye soko la nafaka la duara. Ni kilomita tano hivi kwenda, na mlima wake wa mwisho ni wa kweli. Nasema nenda. Moissac fika kabla ya saa kumi jioni ili upate kuingia kwenye ua wa abasia uliokamilika mwaka 1100, wenye nguzo ambazo vichwa vyake 76 vimechongwa kila kimoja kwa namna yake. Wajenzi wa reli ya karne ya 19 walibomoa sehemu ya abasia ili treni ipite, na hadi leo treni inapita hapo hapo nyuma ya ukuta. Mahujaji waendao Santiago, Hispania, hulala mji huu, hivyo vitanda vya bei nafuu vipo, lakini weka nafasi. Septemba ni msimu wa zabibu za chasselas, ndogo, za rangi ya asali.

*Siku ya tano: hadi Toulouse, yapata kilomita 64.* Nje kidogo ya Moissac mfereji unavuka mto Tarn juu ya daraja la Cacor, mita 356. Mafuriko ya Machi 1930 yalipobomoa daraja la reli jirani, treni zilipitishwa juu ya daraja hili la mfereji mpaka jingine lilipojengwa. Castelsarrasin ni mahali pa kununua chakula. Montech simama utazame mtambo wa ajabu wa mwaka 1974: injini mbili kubwa zilizosukuma kabari ya maji, mashua ikiwa ndani, kupanda mteremko wa saruji, ili kukwepa malango matano. Haufanyi kazi tena. Wenye hamu ya siku ya sita wageukie hapa, kuna tawi la mfereji la kilomita 11 linalokwenda Montauban.

Kutoka Grisolles mbele sina la kukusifia. Mfereji umenyooka kama rula, reli iko ubavuni, maghala yanaanza, na kilomita zinaonekana kuongezeka badala ya kupungua. Ukiwa umechoka, panda treni Grisolles bila aibu. Ukiendelea, utaingia mjini kwenye bwawa ambamo mifereji mitatu inakutana, chini ya madaraja pacha yanayoitwa Ponts-Jumeaux. Hapo acha mfereji wa Garonne, shika njia ya Canal du Midi upande wa kushoto. Ikiwa ni saa kumi na moja jioni, utakuwa katikati ya wafanyakazi wanaorudi makwao kwa baiskeli kwa mwendo wa hasira, kwa hiyo shika kulia na usisimame ghafla kupiga picha. Kilomita tatu hivi mbele, ng'ambo ya maji, ni stesheni ya Matabiau. Funga baiskeli kwa kufuli mbili hata kama unaingia kununua tiketi tu.